Mteja Niliyemwita Mwizi

Mama Masika,

Ni mimi, Solange, msichana wako wa duka, yule uliyesema kinywa chake kinaamka kabla ya kichwa. Leo ni Jumapili, nimetoka misa, nimekaa nyuma ya nyumba na daftari magotini. Miezi imepita tangu tulipokuzika na sijakuandikia hata mstari. Leo naandika kwa sababu nimefanya jambo baya mlangoni pako, na nyumbani hapa sina wa kumwambia.

Kwanza habari za huku. Uliondoka wiki ile ya risasi, dawa yako ya sukari imekwisha, barabara zimefungwa, na mimi nagonga milango ya wauza dawa mtaa baada ya mtaa. Nilirudi mikono mitupu ukiwa bado unanitambua. Bado naota ile safari ya kurudi. Lakini hiyo ni barua nyingine, leo siiwezi.

Duka sasa ni la Papa Justin, mdogo wa marehemu mume wako. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu, na hofu yake ametugawia sote. Kila kitenge amekitia ndani ya nailoni. Amevuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mteja anasimama upande wa mlango, ananyosha kidole, nami namwonyesha kwa mbali. Anasema siku hizi mjini kila mtu ni mwizi mpaka alipe. Wateja nao wamekuwa hivyo hivyo. Mtu anaingia hasemi jambo, hasemi habari, anasema tu « Ile! » na kidole juu. Nisikudanganye, Mama, nilizoea haraka. Nikapenda, hata. Usiposalimu huchoki sana, na unamaliza watu upesi.

Unamkumbuka yule mama wa gari jeupe aliyenipigia vidole? Ulichukua vitenge vyote alivyokwisha kuchagua, ukavikunja polepole, ukamwambia: « Mama, huyu mutoto iko na jina. Uliza kwanza jina yake, kisha tutaendelea. » Alitoka na hasira zake, na wiki nzima hatukupata mteja mkubwa kama yule. Nilikulaumu. Nilikuambia utakufa maskini. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukasema: « Mutu akiingia kwangu, iko mutu. Na weye pia uko mutu. Njo ile tu, Solange. » Nikaona hiyo « ndiyo hiyo tu » yako ni maneno ya mtu mzima asiyejua biashara.

Na lile jambo la mwanga. Duka letu halina dirisha, na taa ya umeme inaharibu rangi, bluu inakuwa zambarau, njano inakuwa kitu kisichoeleweka. Kwa hiyo kila mteja ulimtandikia kitenge begani ukamwambia atoke nacho nje, akitazame juani. Wanawake wa mji huu wote walijua: kwa Mama Masika unatoka na kitenge kabla hujalipa, halafu unarudi. Miaka sita nilikaa nawe. Hakuna hata mmoja aliyekimbia nacho.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Jumanne aliingia mama mmoja, miguu yake myeusi kwa vumbi la barabara ya Munigi, sandali za plastiki zimeshonwa kwa uzi. Alisalimu vizuri: « Jambo mama. Muliamuka? Habari ya kazi? » Mimi nilikuwa kwenye simu. Sikumjibu. Alingoja. Akasalimu tena. Kisha akaomba kitenge cha njano kilichokuwa juu kabisa, na kwa uvivu tu, ili aondoke haraka, nikakitoa kwenye nailoni nikampa. Alikishika kwa vidole viwili. Akatazama taa, akatazama kitenge, akatazama taa tena. Halafu akainama, akapita chini ya kamba, akaelekea mlangoni.

Alikuwa anafanya ulivyotufundisha. Na mimi, mwanafunzi wako, nilipiga kelele: « Mwizi! »

Unajua neno hilo linafanya nini katika mtaa wetu. Wamotari waliruka kutoka kwenye pikipiki zao kabla sijafunga mdomo. Mmoja alimkaba shingo. Kitambaa chake cha kichwa kilianguka kwenye matope. Mwingine akafungua fundo la kiunoni mwake kutafuta vitu vingine alivyoiba, ikatoka pesa imekunjwa ndani ya kipande cha nailoni, pesa ya kutosha kabisa kwa kitenge kile. Yule aliyemkaba akamrudishia pesa mkononi bila kumtazama usoni. Mama yule akaweka kitenge kwenye ngazi, akaokota kitambaa chake, akaenda. Hakunitukana, Mama Masika. Afadhali angenitukana.

Papa Justin alikuja kutoka stoo, akanipiga bega kunisifu mbele ya wateja: « Bien fait, Solange. Sasa bataogopa. » Nami nilitabasamu. Hilo pia nakuambia.

Asubuhi ya pili yake Mama Zawadi, yule muuza makaa ng'ambo ya barabara, alinifuata dukani. Hakusalimu. « Weye unajua ule mama alikuwa anatafuta nini? » Akaniambia. Anaitwa Mama Riziki, mtu wa Kibati. Alikuwa kambini Kanyaruchinya, kambi ikavunjwa, akabaki Munigi katika chumba cha mbao. Jumatatu homa ilimchukua binti yake, Neema, wa miaka kumi na sita. Neema alipenda njano, lakini njano ya ndizi mbivu, siyo ile inayokaribia chungwa, hiyo aliichukia. Mama yake alitaka kumzika ndani ya rangi yake. Alikwenda mlangoni ili asikosee.

Alhamisi nilinunua kitenge kile kwa mshahara wangu, nikapanda pikipiki hadi Munigi. Nilichelewa. Walikwisha kumzika Jumatano. Walimfunga katika kitenge cha mama yake mwenyewe, kile alichovaa dukani, na yeye nilimkuta amevaa sketi ya jirani, fupi, anaivuta kila mara ifike magotini. Alinitambua mara moja. Nilisimama kwenye mawe nikingoja anifukuze. « Karibu, mama. Ikala, » akasema, na kwa kiganja chake akapangusa bidoni, dumu la maji, ili nikae.

Nililia vibaya, kwa sauti, mbele ya mtu aliyefiwa, hata aibu sikuona. Alingoja nimalize, kama alivyongoja dukani. Nikamnyoshea kitenge. Hakukigusa.

« Mutoto amekwisha kuzikwa, » alisema. « Rudisha tu, mama. Sina kasirani na weye. Lakini iko kitu moja. Pale penye uliniita mwizi, urudi pale pale, useme kama nilikuyaka kununua. Bale batu bote basikie. Ninapitaka pale kila siku kwenda ku soko, na sasa banasema: angalia mwizi anapita. Leo nimezunguka barabara ingine. »

Ni hilo tu aliloomba: niseme mbele ya wote kwamba alikuja kununua.

Ijumaa nilisimama mlangoni, wamotari wote wapo. Nikafungua mdomo. Papa Justin akainua macho, nami nikamuuliza motari wa karibu kama mvua itanyesha. Jumamosi sikufika hata mlangoni. Papa Justin alishatuambia kwamba atakayelitia duka aibu aende akatafute kazi kwingine, na unajua kwetu ni mimi peke yangu ninayeleta unga. Naogopa, Mama. Siku ile ya kupiga kelele sikuogopa hata kidogo, ilitoka yenyewe. Jina la mtu nililichafua kwa pumzi moja, na siku mbili nzima nimeshindwa kulisafisha.

Sikuombi unisamehe. Aliyekosewa si wewe, na yeye amekwisha kuniambia bei yake. Nakuomba tu usinionee haya huko uliko, na kama kuna maombi mnayoruhusiwa, uniombee kinywa changu kifunguke.

Kesho ni Jumatatu. Nitafika wakati wamotari wamejipanga kungoja abiria na Mama Zawadi anashusha magunia yake. Sitanong'ona. Papa Justin akinifukuza, nitauza nyanya chini kama wengine, wanaishi. Nakuahidi hili kwa jina lako, na sijawahi kuliapia jina lako kwa uongo.

Lala salama, Mama Masika. Maneno nimeyapanga tangu asubuhi, nimeyasema peke yangu mpaka koo limekauka:

« Ule mama wa Jumanne anaitwa Mama Riziki, wa Munigi. Mutoto wake alikufa, anaitwa Neema. Mwizi hakukuwa hapa. Mimi njo nilikosa. Ule mama alikuyaka kununua. »

Solange