Mzuri wa Namna Gani

Jumatatu, 15 Septemba

Nashona kola za sare tangu asubuhi. Shule zimefunguliwa, na wazazi wa Nsambya ndio kwanza wamekumbuka kwamba watoto hukua. Mgongo unauma. Cherehani imetulia baada ya kutiwa mafuta.

Mchana akaja Wafula, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Akanywa chai, akaongea habari za mvua. Nikajua kuna neno. Kumbe baba yake Atim, mchumba wake, amekubali twende kwake Jumamosi kujitambulisha. Ila hataki msemaji wa kukodi, wale wa vipaza sauti na vichekesho. Anataka aliyemlea kijana aseme mwenyewe.

Yaani mimi. Nimefurahi. Kisha nimeogopa.

Jumanne, 16 Septemba

Atim alipita akitoka kazini, ndiye aliyenieleza vizuri. Baba yake, Mzee Ocan, alikuwa polisi maisha yake yote. Sasa amestaafu, anaishi Luzira. Alimwuliza binti yake huyo kijana ni mtu gani. Atim akajibu kwa Kiingereza kwamba ni "good". Mzee akacheka, akasema: "Hiyo 'good' mimi najua. Kwa ripoti nilikuwa naandikia askari ile sikumbuki hata sura yake."

Mwaka jana alikuja kijana mwingine na msemaji wake. Maneno matamu tupu: mzuri, mwema, bora. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akawalisha wakashiba, akawarudisha na vikapu vyao vya zawadi. Na Atim hatampinga baba yake. Ameniambia waziwazi, machozi yakimlengalenga.

Basi ndoa ya Wafula iko mdomoni mwangu. Mdomo uliozoea kushika pini.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejaribu maneno huku nashona. Hilo neno la Kiingereza ni gunia, kila mtu anatia lake. Nikilimwaga kwa Kiswahili sipati la kushika. Mzuri? Hiyo ni sura, na Wafula ana masikio ya babu yake. Mwema? Tunasema hivyo kwenye mazishi. Mpole? Hata kondoo. Mtiifu? Mzee atadhani namwombea kazi ya ulinzi. Safi ni shati. Bora, kuliko nani? Hodari, wa nini?

Nalongo, jirani anayeuza matooke, ndizi za kupika, ameniona nanung'unika peke yangu. Akasema najisumbua. "Wewe sema tu iko muntu muzuri. Sisi kwa Luganda tunasema mulungi, imekwisha. Mulungi ya sura, mulungi ya roho, yote moja." Nikamwambia ni kweli, chema chajiuza. Lakini matooke yake mwenyewe huyasifia kutwa nzima.

Nimecheka. Nimerudi kwenye kola.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda bandarini Port Bell kumpelekea Wafula shati la Jumamosi. Kazi yake ni kufunga mabehewa ya treni kwa minyororo kwenye meli yasije yakatembea ziwani. Nilimkuta msimamizi wake kwanza. Nikamwuliza, kama mchezo, kijana wangu yukoje.

Akasema yuko polepole. Wenzake wameshamaliza, wananawa mikono, yeye bado anarudi kwenye mnyororo wa kwanza, anauvuta tena. Wanamwita Kobe. Msimamizi alisema hivyo akicheka, mimi sikucheka.

Nimerudi na hasira. Miaka yote hii nimelea kobe. Na Luzira na bandari ni pale pale. Mzee akiuliza mtu mmoja tu, tumekwisha.

Jioni nikampigia simu nikamfokea. Nikamwambia Jumamosi achangamke, aongee, aonekane. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Shangazi, lakini kweli mimi ni wa polepole." Hata kujitetea hajui.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeshona zipu kinyume. Nimefumua. Nimeshona tena kinyume.

Naogopa.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimerudi. Viatu nimevua. Niandike kabla sijapoa.

Tulikwenda mimi na Wafula na kina mama wawili wa kanisani, na vikapu vyetu vya zawadi. Kwetu Bungoma tungeshikana mikono, lakini nimeishi Kampala vya kutosha, nikapiga magoti kumsalimu Mzee. Mkewe naye akapiga magoti kunisalimu mimi mgeni. Wazee wawili chini, magoti mabovu, kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kuinuka. Hakuna aliyeweza. Watu wakaanza kuangalia dari.

Wafula akasimama. Hakukimbia. Akasogeza meza ndogo. Akanyoosha mkeka usiteleze. Ndipo akamshika mama mwenye nyumba, akamketisha, akangoja mpaka amekaa sawasawa. Halafu akanijia mimi. Nilikuwa chini bado, natamani kumzaba kofi.

Tukala. Mzee akanawa mikono, akanitazama. "Haya, mama. Huyu kijana ni muntu gani?"

Maneno ya wiki nzima yakaniruka. Nikasema: "Ni wa polepole. Umemwona. Lakini akifunga kitu, kimefungwa."

Nikajua nimeharibu, nikaendelea kuharibu. Nikasema ugali wangu ukiungua ananiambia umeungua, hata mbele ya wageni, kisha anaumaliza, na kesho anakuja tena. Nikasema nilipougua, wote walinihakikishia nitapona. Yeye nilipomwuliza alisema hajui. Akavuta kiti, akakaa, hakuondoka mpaka nilipoweza kusimama mwenyewe. Hapo mimi, mtu mzima wa miaka yangu, nalia juu ya soda.

Mzee Ocan alimtazama Wafula kwa muda mrefu. Wafula hakutabasamu wala hakuinamisha macho. Mzee akamwuliza mkewe jambo kwa Kiacholi. Mkewe akasugua goti lake, akajibu kwa neno moja, wakacheka wote wawili.

Kisha akasema: "Vikapu vikae."

Atim akatoka nje haraka. Kina mama wa kanisani wakapiga vigelegele, mimi nikashindwa. Kizuri hakikosi ila, wanasema wahenga. Leo nimeitoa ila yenyewe, mbele ya watu, ndiyo iliyopokelewa.

Mlangoni Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe mama, sura yako nitakumbuka."

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani, kisha nyumbani. Mvua ndogo. Kola zinangoja kesho.

Wafula alikuja kula. Nilikuwa nimekaa nikiiwaza jana, maharage yakashika chini. Nikampakulia hivyo hivyo. Nikamwuliza maneno yangu ya Luzira yalikuwaje. Akafikiri. Alichukua muda wake, kama kawaida.

"Yalikuwa marefu," akasema.

Akaonja. Akasema maharage yameungua. Tukakaa tukisikiliza mvua kwenye mabati, bila haraka. Alipomaliza, akanisogezea sahani nimwongeze.