Njia Inayoishia kwa Maman

Mpendwa Yaya,

Nakuandikia hapa wazi, mbele za watu, kwa sababu kwenye simu unateleza kama kambare. Nikigusa tu jambo lenyewe, unasema rezo, yaani mtandao, inakata. Ajabu yake, rezo ya Kigali haikati kamwe nikiwa nakusimulia harusi za watu.

Wasiotujua wajue kwamba wewe ni kaka yangu mkubwa, na kazi yako huko Kigali ni kuwapangia wageni safari za baiskeli. Mimi nilibaki Kamembe. Wageni wako wakifika huku, mimi ndiye ninayewaongoza kwenye barabara za changarawe, kilima hadi kilima. Unachora njia, unanitumia mstari kwenye simu, naufuata. Na Maman yuko Nkanka peke yake tangu Papa afariki, kwenye lile shamba lililoinamia ziwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Papa akimaliza kutengeneza baiskeli ya mteja, alitutuma tukaijaribu. "Mupande mupaka Gashonga, kisha mushuke. Mukirudi bazima, breki iko muzuri." Maman alikuwa ananuna siku nzima. Wewe ulitangulia na baiskeli ya mteja, mimi nilikufuata na ile ya Papa yenye tandiko lililochanika. Tuliteremka katikati ya migomba, na kila ulipoona kokoto zimelegea uliinua mkono wa kushoto bila kugeuka. "Usiangalie tairi," uliniambia, "angalia kule unaenda." Mpaka leo nawaambia wageni hivyo hivyo, nao wanadhani nimesomea.

Siku ile kwenye vilima vya Nzahaha nilibana breki ya mbele kwenye mteremko, nikaruka juu ya usukani, goti likachanika. Ulinisafisha kwa maji ya mfereji, ukasukuma baiskeli zote mbili mpaka barabara kubwa. Nyumbani ulimtazama Maman usoni, ukamwambia wewe ndiye uliyenigonga. Ukachapwa kwa ajili yangu. Nilikupenda sana siku ile, Yaya. Lakini pia niliona jinsi unavyoweza kudanganya bila kutoka jasho, na hilo sijalisahau.

Ndiyo maana mstari wako mpya ulinitia wasiwasi. Wewe ulichukia kurudi kwa njia uliyoijia. Tungeweza kubeba baiskeli mabegani tukavuka shamba la mihogo, ilimradi tusirudie kilima kilekile. Sasa inakuwaje mstari wako uache barabara nzuri ya Nkanka, uingie kwenye kile kijia chembamba cha kwa Maman, uishie kwenye ua wake, halafu urudi palepale? Nilikuuliza. Ukasema wageni wanapenda kuona maisha ya kijijini. Haya. Kwani Gashonga hakuna maisha?

Halafu yule bwana mwenye miwani ya kijani. Wenzake walipofika kwa Maman walipiga picha za ziwa na visiwa mpaka nikachoka kuwangoja. Yeye aliligeuzia ziwa mgongo. Alichota udongo akaufikicha, akafuata ua wa miti ya miyenzi kutoka pembe hadi pembe, akaniuliza kama kiangazi maji yanapatikana karibu na kama gari linaweza kufika. Nimeongoza watalii wa kutosha. Mtalii huuliza chakula kiko wapi na vilima vimebaki vingapi. Safari iliyofuata, huyo huyo akarudi. Nani anatoka Kigali mara mbili, anahema njia nzima, kuja kuona mihogo ileile?

Kilichonikera zaidi ni Maman. Sikuwa nimempa habari kwamba tunakuja, lakini tulikuta viazi vitamu vimeiva na samaki wadogo wa sambaza wamekaangwa, sahani zimepangwa kana kwamba ni Noeli. Alimkaribisha yule bwana akae karibu naye. Nikajisemea: Yaya amemlaghai mama yetu. Anauza shamba, na mwenye shamba anawapikia wanunuzi bila kujua. Nililala na hasira, nikaamka nayo.

Basi safari ya tatu nilifanya yangu. Tulipofika penye kile kijia nikapita moja kwa moja. Miwani ya kijani akapaza sauti nyuma, akaonyesha simu yake. Nikamwambia mvua imekata njia. Kumbe na mimi najua kudanganya bila jasho, sisi ni watoto wa nyumba moja. Niliwafikisha Kamembe mapema, nikangoja unipigie. Hukupiga, na kimya chako kikanithibitishia kila kitu.

Jumapili nilienda kwa Maman. Hata salamu hazijaisha akaniuliza, "Bageni beko wapi? Nilipika."

"Nilibapitisha kwengine, Maman. Ule muntu anataka shamba. Yaya anakuuzisha."

Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Hapana yeye. Ni miye nilimuomba atafute muntu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea taratibu kwamba mulima umemshinda, kwamba anataka chumba Kamembe, karibu na mimi, mahali pa tambarare. Nikamuuliza mbona mlinificha.

"Kwa sababu we ungekatala," akasema. "Na we ukikatala, miye nabaki."

Nilimuaga vibaya, Yaya. Nikasukuma baiskeli mpaka kwenye kona, lakini sikuondoka. Unanijua, neno la mtu silichukui hivi hivi, hata likiwa la mama yangu. Nilihisi umemfundisha maneno. Nikajibanza nyuma ya migomba nichungulie.

Alitoka na bido, dumu la kuchotea maji. Alitazama njia kwanza, kuhakikisha kwamba nimeenda. Kisha akakaa chini, udongoni, akaweka bido mapajani, akaanza kuteremka kwenda kisimani kwa makalio. Anashika mgomba mmoja, anajivuta, anapumzika, anashika mwingine. Maman yetu, aliyekuwa anatukimbiza na fimbo kwenye mteremko huohuo. Sikumwita, angeona aibu. Nilikaa pale nikauma kitambaa cha kichwa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila Jumapili ninamkuta ameshaketi, na kwa nini hanisindikizi tena hata hadi kwenye ua. Nilidhani anapumzika. Mimi ninayemshuku kila mtu, mambo ya magoti ya mama yangu hayakunipitia akilini.

Hasira yangu kwako haijaisha, usifurahi. Mimi ndiye niliye karibu, na siri alikupa wewe uliye mbali. Hilo linaniuma kuliko shamba. Na bado nakushuku kidogo: nashuku ulifurahi kutoniambia, ukaona ni rahisi kunitumia mstari kuliko kunitumia ukweli. Mlinihurumia wote wawili, na huruma yenu imemwacha akijiburuta kwenye tope mpaka leo.

Mwambie yule bwana arudi. Njia haijakatika. Nitampitisha mwenyewe mpaka kwa Maman, nimwonyeshe mpaka wa shamba na kisima kilipo. Lakini uje naye. Panda basi, chukua baiskeli kwangu, utangulie, nikuone mgongo kama zamani. Nimeshamtafutia Maman chumba nyuma ya kwangu, hakina ngazi hata moja.

Kwa sasa naishia hapa, usafiri salama. Na mnapouza, msinifiche tena kwa kuogopa machozi yangu. Nitalia, mjue hivyo. Nitalia, na Maman atahama hivyo hivyo.

Mdogo wako, wa Kamembe