Mashine ya Sinki ni Yangu

Jumamosi, 31 Mei 2025

Siku ya mashine. Wageni wakishamaliza chai nafukuza watu wote jikoni, nisafishe hii mashine ya kusaga mabaki iliyo chini ya sinki. Kwanza nazima swichi ya ukutani na kubandika karatasi: USIGUSE – BENEDIKTA. Kisha nainua ule mpira wa mdomoni mwa sinki na kuusugua kwa mswaki wa zamani, juu na chini. Harufu inakaa chini ya mpira! Watu wanamwaga dawa za kunukia wakati uchafu umejibanza pale pale. Halafu barafu bakuli moja, chumvi ya mawe, maji ya baridi, nawasha. Inanguruma kama inatafuna kokoto. Mwisho maganda ya limau, vipande vidogo vidogo. Nikainamisha pua. Safi.

Mama Judith, mwenye gesti, alirudi nayo kutoka Ulaya ikiwa kwenye boksi. Mafundi walicheka – mabaki yasagwe yaende na maji, na mbwa wale nini? Mimi nilisoma kitabu chake cha maelekezo kwa kamusi siku tatu. Sidhani kama Musoma nzima yuko anayeijua kunizidi. Nasema hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia najisifu.

Jumatatu, 2 Juni

Boke anajifunza. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Yusto. Mimi ndiye niliyemtoa kijijini Kiriba na kumwombea kazi. Yuko kwenye majaribio, yanaisha tarehe 14. Yusto anavua kisiwani Rukuba, samaki wamekuwa wa kubahatisha, na watoto wawili wako kwa mama. Kazi hii akiikosa sijui watashika wapi.

Nimempa sheria. Mifupa ya sangara – hapana. Magamba ya sato – hapana. Maganda ya ndizi – hapana, yana nyuzi. Mafuta – hapana, yanaganda. Mkono usiingie hata kijiko kikizama, chukua koleo. Akauliza, sasa wifi, hii inakulaga nini? Nikacheka sana. Inakula wali, maharage, mboga laini, kidogo kidogo, maji yakitiririka mpaka baada ya kuzima. Anayarudia mdomoni akiosha vyombo, kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Mama Judith kapiga simu kutoka Mwanza. Gesti mpya ya Bunda inafunguliwa Agosti, jiko litakuwa na mashine mbili, na anataka msimamizi. Mimi! Amesema mtu anayetunza kitu cha mwenzake namna ile hamwachi. Boke kapiga kigelegele kifupi halafu akajiziba mdomo, maana chumba cha pili kulikuwa na kikao.

Nilistahili. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Imeziba. Leo, siku ya semina, watu arobaini kutoka Butiama, sahani zimepangana mpaka mlangoni. Mashine inazunguka, maji hayaendi. Yamesimama kwenye sinki, ya kijivu. Nikaweka magadi na siki, yakatoa povu, hakuna kitu.

Nilimgeukia Boke mbele ya wahudumu wote. Umemwaga nini? Akasema sijamwaga kitu wifi. Nikasema maji hayajisimamishi yenyewe. Akachukua beseni akaenda kuoshea nje.

Fundi Isaya anakuja kesho.

Jumatano, 11 Juni

Isaya alifungua lile bomba la kona chini ya sinki. Kikatoka kitu kigumu, cha kijivu, kinene kama mshumaa wa Pasaka. Akakivunja kwa vidole, akanusa. Huu ni udaga, dada. Nani anapikaga ugali wa muhogo hapa?

Wageni wetu wanakula wali na ugali wa mahindi. Udaga ni wa wafanyakazi, mchana. Na sufuria ya udaga ni yangu, nilikuja nayo, simwachii mtu kuiosha. Naloweka, navuruga ukoko mpaka uachie, namwaga yale maji mazito sinkini. Kila siku, tangu mashine ifungwe. Sikuwahi kuuhesabu kama ugali. Niliuita maji ya sufuria.

Isaya akaeleza kwamba unga ule unatulia kwenye kona ya bomba, kesho unajishikiza mwingine juu yake, mpaka njia inaisha. Hakunitazama. Akanawa, akaomba chai. Jikoni tulikuwa wawili tu. Nikamwambia asante, nitawaeleza wenzangu.

Sikuwaeleza.

Alhamisi, 12 Juni

Leo mchana nilikwangua sufuria kwa mwiko, kila kitu kwenye ndoo ya mbwa. Boke alikuwa anakausha sahani. Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akaendelea kukausha. Nadhani alijua hapo hapo.

Nitamwambia kesho. Siyo jambo kubwa. Bomba limezibuka.

Ijumaa, 13 Juni

Fredy wa mapokezi kaniambia leo kama kitu cha kawaida. Jana jioni nikiwa sokoni, Mama Judith alipiga, akauliza nani kaharibu sinki. Boke alikuwa anapiga deki pale. Akaomba simu akasema ni mimi, mama. Mama Judith akasema basi Jumamosi nakuja, tuagane vizuri.

Nilimkuta kwenye kamba ya nguo. Kwa nini? Akaendelea kubana mashuka.

"Wifi, mimi nikirudi Kiriba jembe nalijua. Wewe ukikosa Bunda, sisi wote tutamtegemea nani? Halafu ningesemaje? Kwamba dada wa mume wangu ndo huwaga anamwaga? Mdomo wangu utoe hayo?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Yule niliyemfokea mbele za watu. Naona aibu. Nimekaa hapa nimeandika aibu na bado haijapungua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya mashine. Nimemwachia Boke afanye. Swichi, karatasi, mpira, mswaki, barafu, chumvi, limau. Hakukosea hata hatua moja. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilisahau kuzima swichi.

Begi lake liko mlangoni. Amesuka nywele za safari.

Saa nne na nusu. Niko stoo, daftari liko juu ya gunia la mchele. Nimesikia gari la Mama Judith likiingia. Nimeshaamua, nitasema. Ni maneno manne tu: ni mimi, siyo Boke. Nimeyajaribu hapa mara mbili, sauti inatoka vizuri kabisa. Bunda watapata mtu mwingine, dunia haitaanguka. Mimi siyo mwoga, hakuna aliyewahi kuniita mwoga.

Mama Judith yuko jikoni sasa. Anasifu sinki linavyonukia. Boke anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Hajamwambia kwamba leo ni yeye aliyelisafisha.

Mama Judith ananiita. Benedikta, njoo umwonyeshe Boke alipokosea, hata huko aendako ajue.

Nimeitika.

Kaita tena. Nimemjibu nakuja mama, namalizia kuandika orodha ya stoo.