Mtoto Ndani ya Ngozi

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umekaa hapa kijijini Daudi tangu alfajiri, na hata sasa, saa tisa mchana, mparachichi ulio mbele ya nyumba nauona nusu. Nimenawa mikono mara nyingi mpaka ngozi ya vidole imejikunja. Bado inanuka.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sijamwambia dada, wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, wala ninyi wachache mnaosoma blogu hii.

Napenda kuchefukwa.

Si kuchefukwa kwa kweli, bali kule kwa kwenye simu. Mnaonifuata mnajua naandika kuhusu ile midoli ya mashine. Kwa asiyejua: ni mfululizo wa gemu za kutisha. Kuna mgahawa wa watoto, na jukwaani wamesimama wanyama wa mashine wakubwa kuliko mtu, wenye manyoya ya bandia, wanaoimba nyimbo za sikukuu za kuzaliwa. Yupo Mbuzi mpiga kinanda, Kobe mwenye miwani na Punda mwenye kofia ya mpishi. Wewe mchezaji ni fundi. Unawafungua vifua ili urekebishe nyaya, na kadiri sehemu za gemu zinavyoongezeka unagundua kwamba ndani ya kila mnyama aliwekwa mtoto. Mtoto aliyekufa. Mwili wake umebanwa kati ya vyuma, na ndiyo maana wanyama wanatembea wenyewe.

Mimi ndiye niliyeandika ule uchambuzi mrefu kuhusu Punda. Niliona uzi wa soksi umenasa kwenye giya ya kifundo cha mguu wake, nikaona majimaji ya njano yanayotoka chini ya jicho, nikaandika kurasa na kurasa kueleza kwamba aliyemo ndani ni yule msichana wa kwenye picha ya ukutani. Nilitumia maneno mazuri. Nilisema "ute wa huzuni." Watu wakanisifu. Mmoja akaniita profesa.

Nilikuwa naandika nikiwa chini ya blanketi kwa simu ya zamani ya Baba, kifua kinanidunda, tumbo limejaa ule ubaridi mtamu. Kisha nafunga simu, nanywa chai, nalala vizuri.

Sasa nataka kueleza ya wiki hii.

Baba na Mama wako Gitting kwenye shamba la kukodi, wanavuna ngano. Nyumbani tumebaki na Bibi, dada yangu Pendo na mapacha wake, ambao wana mwaka na kitu na wanaishi kwa uji wa maziwa. Maziwa ni ya ng'ombe wetu Kijivu. Ng'ombe mwingine tuliye naye ana mimba, hakamuliwi.

Ndama wa Kijivu alivimba tumbo akafa.

Asiyefuga ng'ombe wa kienyeji huenda hajui: ng'ombe kama Kijivu hashushi maziwa mpaka amwone mwanawe. Ndama ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, ndipo unamtoa na kukamua. Ndama akifa, mama yake anabana. Unaweza kuvuta chuchu mpaka vidole vife ganzi. Akiendelea kubana, anakauka moja kwa moja.

Kwa hiyo Bibi alifanya kama alivyofanya mama yake. Jirani alimchuna yule ndama, Bibi akaipaka ngozi chumvi na majivu, akaianika juu ya jiko, kisha akaijaza mabua makavu na kuishona kwa kamba ya katani. Aliacha masikio. Aliacha na mkia. Macho hayakuwepo, palikuwa na matundu mawili yaliyokunjamana, na bua moja lilikuwa limechungulia kwenye tundu la kushoto.

"Haya, mshike," aliniambia. "Msogeze puani kwa mama yake. Pendo atakamua."

Nilimshika kwa kanga ili vidole visimguse. Alikuwa mwepesi, na hilo ndilo lilinishtua kwanza. Alikuwa na umbo la kitu ninachokijua, lakini hakuwa na uzito wake. Ndani alikuwa anakwaruza. Na harufu! Siwezi kuipamba. Ilikuwa ya nyama iliyoanza kuoza na kuzuiwa njiani na chumvi, ya moshi, na ya mafuta yaliyoganda upande wa ndani kwenye mishono. Nzi hawakujali baridi.

Halafu Kijivu akamlamba.

Alimlamba kuanzia shingoni hadi mkiani, taratibu, huku anatoa ile sauti ya chini wanayoitoa kwa ndama mchanga. Ulimi ukapita juu ya matundu ya macho. Ukalivuta lile bua, akalitafuna. Mate yakawa yananing'inia kwenye sikio lililokauka kama ganda. Nyuma yangu nikasikia maziwa yanagonga ndoo, na Pendo anacheka kwa furaha.

Nilikimbia nje ya zizi nikaegemea ua. Nilifikiri nitatapika, sikutapika. Huo ubaridi mtamu haukuja hata kidogo.

Nilivumilia hivyo asubuhi na jioni mpaka Ijumaa. Kila nikimaliza, harufu ilibaki kwenye nywele, kwenye sweta la shule, kwenye kitabu cha Biolojia nilichokuwa nasoma. Pendo alinitania, "Kidato cha tatu anakwepa hata nzi. Ukiwa daktari utawatibu kwa simu?"

Ijumaa jioni, Bibi alipokwenda jumuiya, nilichukua beseni na sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Nikamfua.

Nilimsugua kwa brashi ya viatu. Maji yalitoka rangi ya chai, kisha ya kahawia, na vipande vyeupe vikaelea, nikafumba macho nikaendelea. Nikamsuuza. Nikamtundika uani kwenye kivuli. Nilijiona nimefanya kitu cha akili na cha usafi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikula ugali nikashiba.

Jana asubuhi Kijivu alimnusa. Akapuliza pumzi kali puani. Akanusa tena, akarudi nyuma, akapiga teke ndoo ikagonga nguzo. Nilimsogeza tena ndama karibu, akageuza kichwa upande wa pili, akalia. Si ile sauti ya chini. Alilia kama siku ile ndama alipokufa.

Pendo alivuta chuchu mpaka akakata tamaa. Hakupata hata tone.

Jioni ikawa vilevile. Pendo alipika uji wa maji matupu. Pacha mmoja aliunywa huku amekunja uso, mwingine aliutema kwenye kanga ya mama yake na kulia mpaka akakosa sauti. Pendo hakunitania tena. Alikuwa anamtikisa mtoto na kuangalia mlango, kama vile Mama angetokea na kibuyu kutoka Gitting.

Leo asubuhi Bibi alichukua ngozi akaipeleka puani.

"Shikamoo Bibi," nilisema, maana nilimwona anakuja upande wangu.

"Marahaba." Aliitikia kwanza, ndipo akakasirika. "Nani amemfua huyu?"

Nilitazama beseni lililoegemea ukuta. Bibi akalitazama pia.

"Umemtayarisha kipaimara? Mbona hukumvalisha na gauni jeupe?"

"Alikuwa ananuka, Bibi."

"Ananuka, ndiyo! Ananuka mwanawe. Wewe umempelekea mama wa watu maua ya dukani."

Pendo, mlangoni na watoto wawili, alicheka kidogo kisha akafunika uso kwa mtandio. Nilijua sasa analia, si kucheka.

Bibi alikata mshono wa tumboni. Mabua ya ndani yalikuwa yamelowa, yamegeuka kitu kama uji mweusi. Yalitoka kwa mafungu na kudondoka chini, pwa, pwa, na harufu ya maua ya sabuni ilikuwa imechanganyika na uozo. Kati ya vitu vyote nilivyonusa maishani mwangu, huo mchanganyiko ndio mbaya kuliko vyote. Uozo peke yake ni mkweli.

Mabua makavu mengine hatukuwa nayo. Na kwa hali ya hewa hii, nyasi zote nje zimelowa.

Bibi aliingia zizini na kurudi na takataka za pale ndama alipokuwa analala. Akachanganya na mkojo wa Kijivu uliokuwa umetuama kwenye shimo, na chumvi, na akaipaka ile ngozi kwa kiganja ndani na nje, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Alikuwa anaongea na yule ndama kwa Kiiraqw, polepole, sikusikia vizuri.

Kisha akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni mwembamba," akasema. "Ingia."

"Niingie wapi?"

"Wapi kwingine? Piga magoti, nikufunike. Ndama wa mabua umemharibu, sasa tunahitaji ndama mwenye mgongo."

"Kwa nini si Pendo?"

"Pendo ana mkono wa kukamua. Una mkono wa kukamua wewe?"

Sina. Kijivu hunikwepa hata siku za kawaida.

Pendo akasema, "Mdogo wangu, nakuomba." Hakusema zaidi. Pacha aliyetema uji alikuwa amelala begani kwake mdomo wazi.

Nilipiga magoti.

Bibi alinilazia ngozi mgongoni, miguu ya mbele akaifunga chini ya kidevu changu kwa kamba, na kipande cha kichwa akakivuta juu ya kichwa changu kama kofia ya koti la mvua. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa baridi kama kitu kilichotoka mtoni, ikanishika shingoni na kunyonya. Tone likateremka kutoka kwenye nywele hadi pembeni mwa mdomo. Nilibana midomo. Nilisikia masikio yake yananipiga juu ya masikio yangu.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu wote. Nilikuwa mtoto ndani ya mnyama. Nilishaandika kurasa na kurasa kuhusu nafasi hiyo bila kuijua. Nilisema ndani ya Punda kuna "hasira inayosubiri." Hakuna hasira. Kuna unyevu. Kuna nywele za mtu mwingine zinazokukwaruza shingo, na pumzi yako inayokurudia ikiwa imechafuka, na unachotaka ni kutoka tu, kutoka tu. Yule msichana wa kwenye picha, kama angekuwa mtoto kweli, asingetaka kumtisha mtu. Angetaka mama yake.

Na mimi nilichunguza uzi wa soksi yake.

Nilichukia gemu ile kwa sekunde hiyo kuliko nilivyochukia ngozi. Watengenezaji walichukua watoto wakawaweka ndani ya midoli, halafu wakaacha kila kitu kisafi: hakuna anayenusa, hakuna anayefua, hakuna mtoto mwingine mwenye njaa mlangoni. Na sisi tunaandika chini, "Leteni sehemu ya tano, tunataka miili zaidi." Mimi mwenyewe nimeandika hivyo.

"Tambaa," Bibi akasema. "Taratibu. Usimwangalie machoni."

Nilitambaa kwenye samadi mpaka mbele ya Kijivu. Pumzi yake ilinipiga kichwani, ya moto. Alinusa. Akapuliza. Nikasikia kwato zinarudi hatua nyuma, nikafikiri sasa ananipiga pembe usoni. Bibi alikuwa anamwita kwa jina, sauti yake ya kuombea.

Ulimi wa ng'ombe ni kama brashi ya kufulia iliyochemshwa. Ulianzia kiunoni ukapanda hadi shingoni, na palipoishia ngozi ya ndama ukaendelea kwenye yangu. Ukapita nyuma ya sikio. Mate mazito yakaingia ndani ya kola, yakashuka mgongoni. Akarudia. Akarudia. Akatoa ile sauti ya chini, juu kabisa ya kichwa changu, nikaisikia mpaka kwenye meno.

Nilikuwa nalia, lakini kimya, maana niliogopa atasikia sauti ya mtu.

Ndipo ndoo ikalia.

Kwanza kidogo. Kisha mfululizo. Bibi akasema "ehee, ehee" kama anavyosema kanisani mtu akitoa ushuhuda mzuri. Sikujua muda unavyokwenda. Najua tu kwamba Pendo alipopita na ndoo, povu lilikuwa juu, na alinigusa bega kupitia ile ngozi bila kuogopa kuchafuka.

Nilipotolewa nilimwuliza Bibi, "Kijivu anajua kwamba si mwanawe?"

"Mimi si ng'ombe," akanijibu, na akaenda kuosha mikono.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika chai yote. Kinyaa cha kweli hakina utamu wowote. Kinatoka puani na kuchoma. Niliporudi mapacha walikuwa wanakunywa uji, vidole vimezama kwenye kikombe, na mmoja alinipungia mkono wenye uji. Na mimi nikampungia.

Kuna maoni mapya hapa kwenye blogu. Mtu anauliza, "Profesa, nani yuko ndani ya Kobe?" Sijui nimjibu nini. Sijui kama nimeacha kuipenda ile midoli au nimeshikwa na aibu tu, na nikiwa mkweli, naweza kurudi kuifungua wiki ijayo. Sijiamini.

Najua tu kwamba leo sitaki kujua nani yuko ndani ya nani.

Naongeza hapa saa mbili usiku. Jioni, Bibi alipokuwa bado anatafuta kamba, nilitoa ngozi juu ya ua. Ilikuwa haijakauka, na nzi walikuwa upande wa shingo. Niliwafukuza, nikamwaga chumvi kidogo pale palipofifia harufu, nikaifunga mwenyewe chini ya kidevu. Kisha nikapiga magoti na kutangulia zizini.