Alama Tisini na Nane

3 Machi

Baba mpenzi, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia na dawa unakunywa, usiniambie umesahau. Mimi mzima, kazi ya kushona mapazia inaendelea.

Mafunzo yako ya kuzuia kuanguka nimeyafanya Jumamosi kwenye kompyuta ya dukani, kwa jina lako na namba yako ya kazi. Masomo sita, alama tisini na nane. Mwisho wakataka maoni ya mwanafunzi, nikaandika: "Mafunzo ni mazuri, nimeelewa yote." Cheti kitafika ofisini kwenu chenyewe. Sasa kaezeke mapaa yako kwa raha.

Binti yako

21 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mgongo una nafuu, na mama yako anakusalimu sana. Naandika kwa sababu kwenye simu utanicheka.

Alama zako zimeniponza. Nimewashinda wote wa kundi la kwanza, basi msimamizi kanipa kazi ya kukagua mikanda ya usalama. Kila asubuhi watu tisa ambao zamu yao ya mafunzo bado haijafika wanapanga mstari mbele yangu kabla ya kupanda. Navuta mkanda, nakunja uso, naitikia kwa kichwa kama daktari. Sijui ninachokitafuta. Miaka ishirini na saba nimepanda paa kwa miguu na mikono yangu tu, hii mikanda imeletwa juzi.

Jana Mrefu, yule mchomeleaji niliyeanza naye kazi, akaniuliza kulabu ya mkanda aifunge wapi. Nikamwambia popote palipo imara. Akanishukuru, nikaona aibu. Hebu niandikie, katika mafunzo yale nilijifunza nini?

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, mkasi mkononi. Nitakuambia ukweli hata kama utanikasirikia: sijui. Video niliziruka zote bila kuzitazama. Maswali nilibahatisha, nikikosea kompyuta inaniruhusu kujibu tena, hadi nikapata. Nilitaka tu usisimamishwe kazi kwa ajili ya karatasi.

Tafadhali nenda ukamwambie msimamizi. Usimpandishe mtu mwingine yeyote kwa neno lako. Naogopa, Baba.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu, marahaba, na unisamehe kwa kukaa kimya.

Barua yako ilinifika. Nikaiweka mfukoni siku sita nikitafuta maneno ya kumwambia msimamizi. Siku ya saba Mrefu akaanguka.

Yuko hai. Mguu umevunjika mahali pawili, na daktari hajui kama atapanda ngazi tena. Kulabu aliifunga kwenye mfereji wa maji ya mvua, nao ukachomoka pamoja naye. Msimamizi alipomuuliza, akasema ni uzembe wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasema hapana, ni mimi, nikaeleza na habari ya cheti.

Wameniteremsha, sasa nabeba mabati na kuchanganya rangi. Nilistahili mabaya zaidi. Niliomba nifanye mafunzo upya, karani akanikalisha mbele ya kompyuta siku tano baada ya kazi. Katika somo la tatu kuna mtu anafunga kulabu kwenye mfereji, halafu wanaonyesha kinachofuata. Ni dakika mbili tu, mwanangu. Nimepata sabini na moja, bila kurudia jibu hata moja.

Kwenye maoni niliandika kwa kidole kimoja: "Mlinipa cheti bila kuniona. Fundi afundishwe mkanda ukiwa mwilini, na mwalimu amwone akifunga. Mwenzangu ameumia kwa sababu yangu." Karani akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia atume.

Mrefu nimemtembelea mara mbili. Ananiuliza habari za kazi, hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Anajua kuna mtu aliyenifanyia mtihani. Sikumwambia ni nani.

Baba yako

19 Mei

Shikamoo Baba.

Nimelia, kisha nikaenda kufungua zile video. Safari hii nimezitazama zote. Saa moja na dakika kumi. Huo ndio muda niliouokoa Jumamosi ile, na sikumbuki hata niliutumia kufanya nini.

Usimwambie Mrefu, nitamwambia mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja Ijumaa. Nipokee stendi twende pamoja, kwa sababu peke yangu nitafika mlangoni kwake nirudi.

Binti yako