Kitana cha Taa Nyekundu

Lukole, Ngara
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umeketi juani, maana Frida aliniandikia kwamba baridi ya asubuhi inakusumbua magoti. Yamepata nafuu? Na migomba iliyoangushwa na upepo, mmeiwekea miti? Mimi ni mzima, nakula na kulala. Wakimbizi wengine wameanza kurudi kwao Burundi, na sisi tunaofanya kazi kwa wageni hatujui tutabaki huku mpaka lini. Bado napika na kufua kwa yule daktari, mama wa makamo, tunayemwita Daktari Marta.

Mama, umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini sikuja siku ya kupokea mahari ya mdogo wangu Frida, kama nimeanza kuwaonea haya watu wa nyumbani. Pili, kama ni kweli yule mtu wa Lusahunga anayemulika vichwa vya watu kwa taa nyekundu anaotesha nywele, na kama wageni wa huku wanaijua dawa hiyo. Hayo mawili kwangu ni jambo moja.

Unakumbuka tulivyonyoa wote baada ya kumzika baba. Mpaka siku ile nilikuwa nasuka rasta, hakuna aliyejua kilichokuwa chini yake. Wembe ulipopita, huku mbele pakaonekana panang'aa kama kisigino. Nywele zenu zikaota, zangu za mbele zikakataa. Kisimani nikasikia wakisema, "Editha ananyonyoka nywele, ugonjwa wa namna hiyo tunaujua." Na palepale msibani shangazi Paskazia alinitengea kikombe changu peke yangu. Wewe hukuona, ulikuwa ndani na wafiwa. Ndiyo maana niliposikia Ngara kuna kazi sikungoja hata mvua ikatike. Ulidhani nafuata mshahara.

Sasa, hiyo taa. Daktari Marta nywele zake za utosini ni chache, ngozi inaonekana. Nikawa naona kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali anajifungia chumbani, na chini ya mlango panatokea wekundu kama wa kaa la moto. Siku moja nikitandika kitanda nikakiona kwenye droo iliyoachwa wazi: kitana kinene, katikati ya meno yake vitaa vidogo. Ukibonyeza vinawaka vyekundu, lakini havichomi. Nikajiambia, daktari hawezi kufanya upuuzi. Kama yeye anakitumia, basi kinaponya.

Tangu hapo kila alipoondoka nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikapitisha kile kitana taratibu huku nikisali. Asubuhi moja niliona kwenye kioo vinywele vyeupe mbele. Nikaimba, mama! Nilipovigusa vikatoka vyote na vidole. Kumbe ni manyoya ya taulo. Lakini sikuacha.

Halafu akarudi ghafla kuchukua miwani. Alifungua mlango akanikuta kichwa wazi, kitana kinawaka mkononi. Nikapiga magoti. Nilitamani sakafu ya saruji ipasuke initie ndani. Yeye akageuka, akatazama ukuta.

"Jifunike kwanza ukipenda," alisema. "Nangoja."

Nikajaribu kujifunga, fundo la kitambaa likanishinda. Akaniuliza akiwa bado amenipa mgongo, "Kwa nini hukuniomba?"

"Niliona aibu, Daktari."

"Mimi pia nakificha," akasema. "Mtu mzima, daktari, nasimama na taa kichwani kama mtoto anayecheza."

Ndipo nikathubutu kumuuliza swali lako. "Lakini kinaotesha?"

Akakaa kitandani, akafikiri. Alisema mwanga huo unaitwa leza. Kwa baadhi ya watu ambao nywele zao zimekonda lakini mizizi bado hai, unaweza kusaidia kidogo, kwa kuutumia miezi mingi bila kuacha. Ukiacha, zinapungua tena. "Hata zangu," akasema, "sijui kama zimeongezeka au ni mimi ninayetaka ziongezeke."

Akanipeleka dirishani akanishika kichwa. Akauliza kama niliwahi kuungua. Nikamwambia habari ya yule msusi wa Biharamulo mjini: dawa ya kulainisha nywele ilinichoma mpaka machozi yakanitoka, nami nikanyamaza kwa sababu nilitaka zilale, kisha nikasukiwa rasta za kubana juu ya vidonda. "Hapa ni kovu," akasema. "Mizizi imekufa. Hakuna taa ya kuifufua, yangu wala ya mwingine."

Kwa hiyo mama, usimpelekee chochote mtu wa Lusahunga.

Nikauliza lile lililokuwa likininyima usingizi. "Kwa hiyo si ule ugonjwa?"

"Kovu halijui habari za damu," akasema. "Ukitaka kujua, kapime."

Nilikwenda. Spesioza, Mrundi ninayefua naye, alinisindikiza akaketi nami kwenye benchi, akaniambia neno lao, "Ihangane," yaani vumilia. Nikaitwa, nikaambiwa sina. Nilirudi kwenye benchi kwa furaha. Baada yangu akaingia msichana mmoja, akatoka analia, akaketi kando yangu. Mama, nilivuta gauni langu lisimguse. Sikujua ameambiwa nini. Sikumjua hata jina. Nilisogea tu, kama wao walivyojitenga na mimi. Spesioza aliniona. Nilipogeuka nimwambie yule binti neno lolote, alikuwa ameshaondoka.

Upara nimeuzoea kidogo. Hili la benchi ndilo linalonichoma. Nilidhani mimi ndiye niliyetendewa, kumbe nami ninao moyo uleule.

Ndiyo sababu nakuomba usiwatangazie watu kwamba nilipima nikakutwa mzima. Najua utatamani. Lakini wakinikaribisha kwa sababu hiyo, nitakuwa nimekaribishwa kwa kumwacha yule binti nje.

Harusini nitakuja. Nitashukia Lusahunga kwa lori, kutoka pale nitapata baiskeli ya kunifikisha nyumbani Nemba. Nitaingia kwa mlango wa jikoni, kabla ya wageni. Aibu bado ninayo, sikudanganyi. Huenda siku yenyewe nikafunga kitambaa.

Nisalimie Frida, bibi harusi wetu, umwambie asikubali mtu yeyote amwekee dawa inayomchoma hata kama harusi ni kesho. Nisalimie kaka Deusi na mkewe, shangazi Paskazia, na katekista wetu anayekusomea barua. Katekista, ukishamsomea maneno yanayofuata nakuomba unyamaze, umpe mama karatasi, hata kama hajui kusoma, ashike mwenyewe mahali nilipoandika haya.

Mama, tangu msiba hujanishika kichwa. Nikifika, kabla hujaniuliza habari za safari, nishike.

Ni mimi mwanao uliyenizaa,
Editha