Mikono Niliyoikata Kwenye Picha

Mama,

Ni Jumapili alasiri. Nimeketi nyuma ya jikoni, pale ulipopenda kuota jua, na nguo za kanisa bado ziko mwilini. Barua hii nimeianza mara nyingi tangu tukuzike. Kila mara nilianza na habari za ng'ombe, nikachoka kabla ya kufika nilikokuwa naenda. Leo wacha nianze na lenyewe. Ile picha ya Baba Mwenda, ile ya leso, haikuibwa na mtu. Niliitengeneza mimi na nikaisambaza mimi. Uliponiuliza nilikudanganya, nawe ukaenda kusimama mbele ya kanisa zima ukiwa umebeba uongo wangu bila kujua.

Basi nimeandika.

Ng'ombe, kwa kuwa najua ungeuliza, alizaa ndama jike mwezi uliopita. Viazi, zile waru za shamba la chini, zilichomwa na baridi, zile za juu zikapona. Tata, dada yako wa Kanja, alikuja akakaa nasi wiki mbili, akapanga jikoni lako upya mpaka nikawa natafuta mwiko kama mgeni. Kila tulipokaribia kukutaja, mmoja wetu alianza kuzungumza juu ya mvua. Dada yako hajui kulia mbele ya watu, na mimi nimefanana naye.

Nataka nikumbuke vizuri ule mwaka ulipogombea uwakilishi wa wadi. Ulikuwa umestaafu ualimu, ukatutangazia kwamba sasa utalala mpaka saa mbili asubuhi. Ulilala hivyo siku nne. Siku ya tano wanawake wa chama chenu cha akiba walifika na mandazi, wakakwambia maji ya mfereji hayatafika kwetu mpaka aende mtu anayejua kuuliza maswali. Ukakataa mpaka mandazi yakaisha, halafu ukakubali. Mpinzani aliyesemwa sana alikuwa Baba Mwenda, jirani yetu wa mpaka mmoja, mtu aliyeshika jeneza la Baba upande wa mbele. Hukuliona hilo kuwa tatizo. Ulimpelekea salamu za heri kupitia pengo la ua.

Picha yenyewe niliipiga wiki chache tu kabla ya hayo yote. Unaikumbuka ile Jumapili. Mama Mwenda alikuwa amelazwa hospitalini mjini baada ya kujifungua, akafanyiwa upasuaji, na Baba Mwenda akaja kanisani peke yake na mtoto mchanga. Alimshika mtoto kama sufuria ya maziwa moto. Mtoto akalia ibada nzima. Watu walipotoka nje ulimfuata, ukachomoa leso ya kubebea mtoto kwenye mkoba wako, ukamwambia, "Inama, Baba Mwenda, leo unabeba kama sisi." Akainama. Ukamweka mtoto mgongoni, ukafunga fundo kifuani pake, na mtoto akanyamaza papo hapo. Watu walicheka kwa upendo, naye mwenyewe akacheka mdomo wazi. Nikapiga picha. Nilikuwa nimesimama kando, kwa hivyo ilionekana yote: yeye ameinama, mtoto, na mikono yako ikikaza lile fundo.

Niliituma kwenye kundi la simu la chama. Mama Mwenda aliiona kitandani, akajibu kwamba amecheka mpaka mshono ukamuuma.

Sasa kampeni. Huko masokoni wakaanza kusema mwanamke asiye na bwana ataongozaje watu. Hawakuiandika popote, waliisema tu, na maneno ya namna hiyo huwezi kuyashika shati. Mimi yaliniwasha. Nyumbani, kwenye kile kikao cha watu wako, mmoja alisema na sisi tutafute kitu cha nyumbani kwa Baba Mwenda. Ulimkatiza. "Tusiguse nyumba ya mtu. Kama amekosea barabara, sema barabara." Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nikamimina chai. Nilisikia kila neno.

Kesho yake nilikuwa kazini Kinoru, kwenye lile duka la uchapaji, natengeneza programu ya mazishi ya mzee mmoja. Nilipomaliza nilifungua picha ya leso. Sikuongeza kitu, Mama, na hicho ndicho nilichojiambia kwa muda mrefu: sikuongeza kitu. Nilipunguza tu. Nilikata mlango wa kanisa na watu waliokuwa wakicheka, nikakata na mikono yako. Akabaki mwanaume ameinama, mtoto mgongoni, mdomo wazi. Kicheko, ukikiondolea watu, kinafanana sana na kilio. Chini yake nikaandika: "Kwake, bwana ni nani?" Nikaituma kwa laini mpya ambayo hakuna aliyeijua.

Kufika saa sita ilikuwa sokoni Kiirua. Watu walimwita Baba Mwenda "Mama Mwenda wa pili" akiwa anapita. Nikaambiwa kwa simu, nikacheka. Nilicheka kwa sauti pale dukani, peke yangu, mbele ya kompyuta.

Ulinijia jioni na simu mkononi. "Kendi, hii si ni ile picha yako?" Nilikuangalia usoni. Nikakwambia, "Ilikuwa kwa group, Mama. Kuna mtu ameichukua." Watu zaidi ya ishirini walikuwa nayo kweli, kwa hivyo lilikuwa jambo linaloweza kuaminika. Ukasema, "Sawa basi," ukaenda kufunga kuku. Uliniamini upesi mno. Ungeniuliza mara ya pili nadhani ningesema, ingawa huenda najipaka mafuta tu.

Jumapili, baada ya matangazo, ukaomba nafasi. Bado nakusikia. "Kwangu hakujatoka picha ya kumwaibisha jirani. Kama imetoka kwangu, msinipe kura hata moja." Nilikuwa benchi la tatu nikiangalia viatu vyangu. Baba Mwenda alikutazama mpaka ukaketi. Yeye pia alijua picha ni yangu, maana alinikumbuka nimesimama na simu. Kwa hivyo alichokiona siku hiyo ni mwalimu wa watoto wake akisema uongo nyumbani kwa Mungu.

Wiki moja baadaye ikatoka yako. Ile ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti ya Mjomba, ukiwa mbele ya wanawake na kibuyu cha uji wa ucuru. Ulikuwa unaonja kwanza, kama anavyoonja mwenye kuleta, ili wageni wanywe uji bila wasiwasi. Ulifumba macho kwa sababu ulifumba macho kila ulipoonja kitu, hata chumvi ya mchuzi. Walikata wanawake, wakakata wageni, wakaacha wewe na kibuyu. "Mlevi anataka kura yako." Wewe, ambaye hata divai ya meza ya Bwana ulikuwa unaigusa tu na mdomo.

Mabishano yakawa mengi. Wengine wakasema ni kudhalilisha wanawake, kwa sababu kuna wanaume waliogombea wakiwa wamelewa wazi wazi na hakuna aliyewachora. Wengine wakasema hakuna uongo hapo, si ni yeye, si ni kibuyu? Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Niliandika waraka mrefu kwenye simu juu ya jinsi picha inavyoweza kuwa ya kweli na bado ikadanganya, na jinsi mwanamke akiingia siasa hatafutiwi alilolifanya, anatafutiwa alivyokaa na alivyoshika. Watu waliusambaza waraka huo. Wewe ulinipigia simu kunishukuru. Kila neno lililokuwa humo lilikuwa la kweli, Mama, na hakuna mtu aliyekuwa na haki ndogo ya kuliandika kuliko mimi.

Mlishindwa wote wawili. Akashinda mtu wa tatu, ambaye hakuna aliyekuwa na picha yake.

Baba Mwenda akaziba pengo la ua kwa miiba. Ulisema ni sababu ya mbuzi. Nami nikasema ndiyo, ni mbuzi. Kifua kilipoanza kukusumbua ulikuwa bado unamtumia salamu, na siku ya kukuzika alikuja akasimama kule barabarani, kofia mkononi, hakuingia. Watu walimwona. Nilisikia mama mmoja akisema, "Hata amekufa hajamsamehe." Nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Niliendelea kugawa.

Mwezi uliopita alikuja dukani mtu mzima mwenye tai, mtu wa kampeni, maana kelele za uchaguzi zimeanza tena. Alikuwa na picha ya mama mmoja anayetaka kiti, akicheza kwenye harusi ya binti yake, ameinama kama watu wanavyoinama wakicheza. Alitaka nimkate bibi arusi na wageni, abaki yule mama ameinama peke yake, na chini niandike maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe. Nikamwambia hiyo ni kumtukana mwanamke, na tena ni kudanganya watu. Hakukasirika. Alicheka. "Madam, si ni yeye? Mimi sijaongeza kitu."

Nilisimama pale nikisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Nilikataa kazi, naye akavuka barabara akatengenezewa na wenzetu kabla ya chai ya saa nne. Siku iliyofuata nilitafuta ile picha ya leso, ile nzima, nikaichapa kwenye karatasi nzuri, nikaitazama kwa siku nyingi.

Jumatano iliyopita niliipeleka. Nilizunguka barabarani kwa sababu ya miiba. Mama Mwenda alinifungulia. Ana nguvu sasa, ila bado anatembea ameshika ubavu. Nilisema yote kabla sijapewa kiti, nikiogopa nikikaa nitazungumza juu ya mvua. Baba Mwenda aliishika ile karatasi karibu na dirisha. Aliitazama mikono yako. Alitazama sana.

Aliyeanza kusema ni Mama Mwenda. "Kendi, wewe ulifikiria unachapa huyu. Mimi ndio nilichapwa. Nimetoka hospitali na kidonda, wamama wananiambia eti nimemkalia bwana kichwani." Mama, sikuwa nimewahi kumfikiria. Hata mara moja. Hasira yote ile niliyoibeba kwa ajili ya wanawake, na waraka wote ule, na huyu alikuwa kitandani ng'ambo ya ua akiulizwa kwa nini mwanaume wake amebeba mtoto. Nilitaka watu wamcheke mwanaume, nikamvika kazi ya mwanamke ili ionekane aibu. Ni nani basi niliyekuwa nikimcheka? Ni kazi yako hiyo. Ulinibeba hivyo hivyo mpaka darasani.

Kisha Baba Mwenda. Hakuinua sauti. "Mwalimu alikuwa ananisalimia sokoni kila Alhamisi. Kila Alhamisi. Na mimi naangalia waru." Akaweka karatasi mezani taratibu. "Mimi usiniombe msamaha saa hii. Siko nayo. Enda useme mahali alisema."

Kwa hivyo leo nimesema. Baada ya matangazo niliomba nafasi, na mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu, alidhani naleta shukrani. Nilisema ni mimi. Nilisema uliniuliza na nikakudanganya, na kwamba ulisimama pale ukisema ulichokijua. Sikulia, nilijikaza nisilie, kwa sababu ningelia wangenihurumia na mambo yangeishia hapo. Mtu mmoja nyuma alisema "Uuui" polepole. Baba Mwenda akainuka. Hakuniangalia. Akawaambia watu, "Basi Mwalimu alisema ukweli," akaketi.

Nje, wanawake wa chama walipita karibu nami wakizungumza mambo yao. Hakuna aliyenisalimia. Mmoja wa wale walioleta mandazi kwetu alisimama kidogo, akaenda. Siwalaumu. Walikupigia kampeni wakitukanwa kwamba wanabeba mwongo, na wakavumilia.

Sina uhakika kama wafu wanasoma. Ulikuwa unasema wanapumzika, na watu waache kuwasumbua. Samahani basi kwa kukusumbua. Nimetaka ulisikie kwangu, kwa sababu nilikuwa na miaka miwili ya kukwambia ukiwa umekaa hapa hapa ukiota jua, na nilikuwa nakuletea chai na kunyamaza. Nakuomba msamaha na najua huwezi kunijibu. Hilo ndilo nitakalokaa nalo.

Tata amesikia tayari, habari zimefika Kanja kabla sijavua viatu. Amenipigia kuniambia nitafute kanisa lingine huko Kinoru, mjini watu hawajuani, nitapumua. Nimemwambia hapana. Nakuahidi wewe pia: sitahama. Jumapili ijayo nitaenda kanisani, na ile nyingine, nitaketi benchi la tatu, waniangalie wanavyotaka. Kila atakayeniona pale atakumbuka kwamba wewe hukusema uongo.

Pumzika sasa, Mama. Jina lako limerudi kwako.

Mtoto wako, uliyemwamini,
Kendi